Tuhesabu yote anayolipa mkopaji, si riba ya mwezi tu

Kwa Mhariri,

Kila kusi inapovuma na bahari ya Lamu kuchafuka, wavuvi wengi hawatoki, na nyumba nyingi za Langoni na Mkomani huishi kwa mikopo midogo. Vipuli vya dhahabu au mashine ya mashua huwekwa rehani kungojea kaskazi. Najua riba ni haramu kwetu Waislamu, na wengi huichukua kwa shingo upande. Sasa nasikia watu wakitaka wanaotoa mikopo hii midogo walazimishwe kutoza riba ya benki. Naomba tutafakari kwanza.

Septemba 2016 sheria ilizizuia benki kutoza zaidi ya asilimia 4 juu ya kiwango cha riba cha Benki Kuu. Benki zikaona heri kununua hati za kuikopesha serikali kuliko kumkopesha muuza samaki asiye na hati ya shamba, na Novemba 2019 kikomo hicho kikaondolewa. Kumpima mteja na kufuatilia deni la shilingi 3,000 hula muda uleule unaoliwa na deni la shilingi 300,000, na gharama hiyo lazima ilipwe na mtu.

Lakini kazi hiyo hufanywa mara moja, ilhali faida nono hutokana na kulirefusha deni. Mpwa wangu alikopa shilingi 10,000 kwa asilimia 20 kwa mwezi, akaweka rehani mashine yenye thamani ya mara kadhaa ya deni. Miezi minne alilipa riba tupu, shilingi 8,000. Mwezi wa tano akashindwa. Mashine ikauzwa, naye hakupewa hata senti.

Uingereza, tangu Januari 2015, mkopo ghali wa muda mfupi hautozwi zaidi ya asilimia 0.8 kwa siku. Kwa mwezi hiyo ni asilimia 24, kubwa kuliko aliyotozwa mpwa wangu, ila jumla ya riba na ada zote haiwezi kupita kiasi kilichokopwa, na mkopo haurefushwi zaidi ya mara mbili. Kifungu cha 44A cha Sheria yetu ya Benki kina wazo linalokaribia hilo, lakini hesabu yake huanza mkopo unapokuwa umekwama, na mpwa wangu kwa miezi ile minne hakukwama, alikuwa akilipa.

Kwa hiyo nawaomba wabunge wetu waweke kikomo kinachohesabu kila shilingi tangu siku ya kwanza, pamoja na kila urefushaji, na wamlazimishe anayeshika rehani kutoa risiti na kurudisha ziada ya mauzo. Katika fiqhi, yaani sheria ya Kiislamu, tuliyosomeshwa hapa, kitu cha rehani hubaki mali ya aliyekiweka. Mpwa wangu alidaiwa shilingi 12,000 siku mashine ilipochukuliwa; kilichozidi hapo kilikuwa chake.

Msomaji wako,
Mkomani, Lamu