620 haisemi alizeti ililimwa wapi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika safu ya barua za wasomaji. Nina duka la rejareja hapa Kihonda, Morogoro, na kinachotoka zaidi kwangu ni mafuta ya kula. Tangu ule ujumbe wa WhatsApp uanze kuzunguka kwamba ukiona 620 chini ya mistari myeusi ya lebo ni mali yetu na usipoiona urudishe, wateja wanageuza chupa kabla hata ya kuuliza bei. Nia yao naipenda. Tatizo ni mahali wanaposoma.

Tarakimu tatu za mwanzo chini ya ile mistari myeusi zinaonyesha kampuni ilipewa namba na tawi la nchi gani la GS1, shirika la kimataifa linalogawa namba hizo. Tanzania ni 620, Kenya ni 616. Basi, hakuna zaidi. Kampuni yenye ofisi Kariakoo inaweza kuagiza kitu kikatengenezwa ng'ambo kuanzia mwanzo hadi mwisho, kikaja na namba yake ya 620, na ikawa haijakosea kitu. Kadhalika alama ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania: inasema bidhaa imekidhi kiwango, haisemi imetoka wapi.

Pa kusoma ni yale maandishi madogo, na huko kuna maneno ambayo wateja wangu huyachukua kuwa kitu kimoja: imetengenezwa, imefungashwa, imeingizwa, imesambazwa. Mchele uliokuja kwa meli kwenye magunia, ukapimwa kilo moja moja Dar es Salaam, umefungashwa Tanzania, na aliyeandika hivyo hajasema uongo. Anwani ya msambazaji si anwani ya shamba. Na kwa wanaonunua chaja na tochi, "Made in PRC" ni China ileile. Hizo herufi tatu ni Jamhuri ya Watu wa China.

Sasa nije kwenye mafuta. Kwenye rafu yangu kuna chupa nzuri, safi, ina 620, ina alama ya TBS, na imeandikwa kuwa ni ya Tanzania. Ukishuka kwenye viambato, kwa herufi ambazo mimi nazisoma kwa miwani, unakuta "palm olein", yaani mawese. Sehemu kubwa ya mawese ghafi yanayosafishwa kwenye viwanda vyetu vya pwani huletwa kwa meli kutoka Malaysia na Indonesia. Yakifika hapa yanasafishwa, yanatolewa rangi na harufu, yanatiwa kwenye chupa. Sisemi kiwanda kinadanganya. Vijana wetu wanafanya kazi pale, kodi inalipwa, na kusafisha mafuta nako ni kazi ya kiwanda. Ila mkulima wa Tanzania humo hayumo.

Pembeni yake kuna mafuta ya alizeti kutoka Singida, ya mkamuaji mdogo, lebo ya karatasi inayobanduka ukiishika na mkono wenye maji. Haina mistari wala namba. Mteja anaichukua, anaizungusha, anairudisha: "Mama, mimi nanunua vya nyumbani tu." Alizeti ya Mkalama, huko Singida, anairudisha! Anaondoka na chupa ya mawese ya ng'ambo, roho kwatu.

Kuna hesabu nyingine ambayo sijaona ikiandikwa gazetini. Alizeti ikikamuliwa hapa, mashudu yanabaki hapa. Wafugaji wa kuku wa huku kwetu huyanunua kwa gunia wakachanganyia chakula, na yakiadimika mnaona wenyewe trei ya mayai inavyopanda. Mafuta yanayoshuka bandarini yakiwa tayari mafuta yameacha makapi yake hukohuko, na kuku wanaonufaika ni wa wenzetu.

Niongeze moja kwa sababu nimechoka kuulizwa. Juni na Julai, baridi ya milima ya Uluguru ikishuka, chupa za mawese huganda chini, na watu wanakuja juu kwamba nimewauzia mafuta yaliyochakachuliwa. Hapana, ndiyo tabia ya mawese. Alizeti hubaki maji. Na lile tangazo la "haina kolestero" lisiwaongezee bei, kwani mafuta yoyote ya mimea hayana kolestero ya kutajika.

Simkatazi mtu mawese. Alizeti kwa kawaida ina bei zaidi, na mama wa vitumbua anayemaliza dumu kwa siku chache ana hesabu zake. Halafu mawese mekundu ya Kigoma ni yetu kabisa, michikichi iko pale. Ninachotaka ni mtu alipe akijua analipia nini.

Masuala ya usalama wa chakula yalitoka TFDA, iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa, kwenda TBS mwaka 2019, kwa hiyo ombi langu nawaelekezea TBS. Waagize upande wa mbele wa chupa uandikwe zao ni lipi, limevunwa nchi gani na mafuta yamesafishwa wapi, kwa herufi za kusomeka: "Mawese ya Malaysia, yamesafishwa Dar es Salaam." Wino wa kuandika hayo si gharama ya kumfilisi mtu. Na ndugu zangu wakamuaji wa Singida, pitieni SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, mpate msaada wa kufikia alama ya TBS, na kwenye lebo andikeni wilaya ilikolimwa alizeti yenu. Hiyo itamsaidia mteja kuliko 620.

Kwa sasa mimi nimeandika mwenyewe kwa maka peni kwenye ubao wa rafu: ALIZETI, SINGIDA. Chini yake: MAWESE YA NJE, YAMESAFISHWA DAR. Msambazaji mmoja amelalamika kwamba namharibia biashara. Nimemwambia anionyeshe neno lisilo la kweli nilifute.

Mama mwenye duka,
Kihonda, Morogoro