Kamba ya mkonge huanza kuoza kabla haijasokotwa

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuyajibu maneno ambayo sasa yamekuwa kama wimbo hapa Tanga, toka Ngamiani hadi Sahare: kwamba kamba ya mkonge haifai, mvua mbili tatu imekwisha, heri ya plastiki. Inauma kuyasikia katika mkoa huu. Mwaka 1893 Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo Mjerumani, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Iliyofika mizima ni 62 tu, ikapandwa Kikogwe, Pangani, na mkonge wa nchi hii ukaanzia hapo.

Kamba inayooza upesi ipo, hatubishi. Ila ichukueni hiyo hiyo iliyooza, mfungue msokoto wake, mtazame ndani. Mtakuta vumbi la kijani lililogeuka kahawia na vipande vya ganda vilivyogandana na singa, yaani nyuzi za mkonge. Hayo ni mabaki ya nyama ya jani, na ndiyo chakula cha kwanza cha ukungu, maana yana sukari. Singa iliyosafishwa vizuri ni selulosi (kitu kinachojenga nyuzi za mmea) kwa theluthi mbili au zaidi ya uzito wake, na lignini (kinachoupa mti ugumu) kama sehemu moja ya kumi. Ukungu huichelewa sana singa ya namna hiyo iwapo ni kavu. Ukishakaribishwa na uchafu, huila na singa yenyewe.

Kwa hiyo tuanzie shambani. Jani la mkonge lina singa kama asilimia 4 tu ya uzito wake. Zilizobaki ni maji, nyama na ganda. Jani likatwe leo, lichakatwe leo. Likipita saa 48 limeshanyauka, utomvu umeganda juu ya singa, na hata korona nzuri, mashine ya kuchakata majani, hailisafishi ipasavyo. Kwenye mashine, kila kitu kinategemea nafasi iliyopo kati ya visu butu vya ngoma inayozunguka na bamba linaloshikilia jani. Ikiwa pana, ganda linabaki. Ikibana mno, singa zinakatika na kutoka fupi fupi pamoja na makapi. Na kwa kuwa shina la jani ni nene kuliko ncha, majani marefu na mafupi yakichanganywa katika mkupuo mmoja, lazima baadhi yataharibika. Kuyachambua kwa urefu kabla ya kuyalisha mashine ni kazi ndogo inayookoa singa nyingi.

Wakulima wadogo wanaotumia mashine ya kulisha kwa mkono wana tatizo lao. Jani huingizwa nusu, likavutwa, likageuzwa, ikaingizwa nusu ya pili. Sehemu ya katikati, pale mkono uliposhika, mara nyingi haiguswi na visu. Ukiona singa yenye mshipi wa kijani katikati, chanzo ni hicho. Inatakiwa nusu ya pili iingie kwa kina hadi ipite pale ilipoishia ya kwanza. Tena mashine hizi nyingi hazina maji. Utomvu wa mkonge una asidi (mwulize yeyote aliyewahi kuurukiwa kwenye ngozi), na ukikaukia kwenye singa unakuwa kama gundi, rangi inafifia na singa inakakamaa. Ioshwe papo hapo, kwa maji yanayobadilishwa, hadi maji yatoke meupe.

Kuanika nako kuna adabu yake. Singa itandazwe nyembamba kwenye waya, juani, na igeuzwe. Siku moja ya jua kali inatosha. Ikinyeshewa ikiwa nusu kavu inapata manjano isiyoondoka. Robota la kilo 250 likifungwa wakati unyevu umezidi asilimia 13 hivi, linapata joto ndani na kuota ukungu, huku nje likionekana safi kabisa.

Hapa tuseme neno kuhusu madaraja. Watu huidharau UG (Under Grade, daraja la chini) kana kwamba ni taka. Daraja la kwanza linadai singa ndefu, kuanzia sentimita 90 hivi, yenye rangi ya maziwa. UG ni ile iliyopungukiwa urefu, rangi au usafi. Kwetu sisi, kamba ya UG iliyooshwa vizuri ni bora kuliko kamba ya singa ndefu yenye ganda.

Lipo pia kosa la mtumiaji. Singa hunywa maji na kuvimba. Kamba ikilowa inanenepa na kupungua urefu. Ndiyo maana aliyemfunga mbuzi kwa kamba iliyokaza anamkuta amebanwa baada ya mvua, na fundo halifunguki. Iacheni ilegee kidogo. Kwa uzito, kamba ya mkonge ya unene wa milimita 12 hukatika kwenye tani moja hivi, nusu ya plastiki ya unene huo, na mzigo wa kawaida usizidi sehemu moja ya tano ya hapo. Sifa yake ni kwamba inashika fundo, haitelezi mkononi, haiyeyuki ikisuguana, na jua haliipasui haraka kama linavyoipasua plastiki.

Kwa nanga ya ngalawa, hata hivyo, hatumshauri mtu atumie mkonge. Singa hurefuka asilimia 2 au 3 tu kabla ya kukatika, kwa hiyo wimbi linapoivuta ghafla haina pa kupumulia. Usumba wa nazi hurefuka robo au zaidi, na lignini yake, inayozidi asilimia 40, huifanya istahimili maji ya chumvi. Wazee walioshona mitepe, vyombo vya kale vya baharini, kwa kamba za usumba walijua walichokuwa wakifanya. Anayelazimika kupeleka mkonge baharini aisuuze kwa maji yasiyo na chumvi na kuikausha kila arudipo, kwani chumvi iliyobaki huvuta unyevu usiku kucha.

Mnunuzi naye asikubali kuuziwa kwa macho. Fungua msokoto, unuse: harufu ya uchachu ni dalili ya unyevu au nyama iliyobaki. Sugua singa viganjani juu ya karatasi nyeupe. Ikidondosha unga wa kijani, rudisha. Chukua singa moja moja uikunje. Inayovunjika kama kijiti kikavu imekwisha kuliwa.

Tunawaomba wasokotaji wa mkoa huu waweke kibandiko kwenye kila koili: daraja la singa, unene, na uzito unaoikata. Bodi ya Mkonge ipo hapa hapa mjini, na tunaiomba ilisimamie jambo hili kabla ya masika, wakati ambao kamba nyingi hununuliwa bila kufunguliwa.

Wadau wa singa,
Tanga