Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: Bahasha za Élisabethville na herufi ndogo za makarani

Baba na mama, ndugu wanachama wa chama chetu cha wakusanyaji wa barua na bahasha za zamani,

Nianze na yule mzee wa komini ya Katuba, hapa Lubumbashi, Élisabethville ya zamani, maana kwangu mimi mwaka huu umekuwa wake.

Katika kikao cha mwezi wa tano tulikuwa tumetandaza mezani barua za biashara za miaka ya 1950. Mmoja wetu alikuja na babu yake, ambaye hakuwa na hamu yoyote na tembre, au stempu kama wanavyoziita majirani zetu wa mashariki. Alikaa pembeni na chai yake. Baadaye akaomba apewe barua moja, ya kawaida kabisa, ya mwaka 1956, inayolalamikia marobota ya vitambaa yaliyochelewa njiani. Akaweka kidole juu, palipoandikwa "N/Réf.", yaani kumbukumbu ya mwandikaji, mahali ambapo sisi hupita bila kusimama. Pale kuna herufi kubwa mbili, mstari wa mshazari, halafu herufi ndogo mbili. Herufi kubwa ni za bwana aliyeisema barua. Ndogo ni za aliyeipiga kwa mashine. Mzee akasema, "Huyu ni mimi."

Hakuna aliyezungumza kwa muda. Kisha maswali yakamwagika, naye akajibu kwa utulivu: jinsi alivyopanga karatasi za kaboni, jinsi nakala ya mwisho ilivyotoka hafifu, jinsi alivyopeleka mfuko wa barua posta kwa baiskeli na kurudi na ufunguo wa sanduku mfukoni. Alitusahihisha pia. Jengo tulilodhani ni la kampuni ile lilikuwa ghala tu. Ofisi ilikuwa barabara ya pili. Tulikwenda naye kuiona ofisi hiyo. Siku hizi kuna duka la dawa pale, lakini kwenye kizingiti, chini ya vumbi, vigae vidogo vyeusi bado vimepangwa kuwa herufi zilezile zilizo kwenye kichwa cha barua.

Ndugu zangu, kwa miaka mingi tumesoma barua hizi kuanzia juu na kuishia juu. Sisemi kwamba tumekosea. Kichwa cha barua kina mengi. Kikiwa na neno S.C.A.R.L., tunajua kampuni ilisajiliwa kwa sheria ya Kongo na kanuni zake zilichapishwa katika nyongeza za Bulletin Officiel, gazeti rasmi la serikali, kwa hiyo tunajua pa kutafuta majina ya waanzilishi na mtaji wao. Namba ya rejista ya biashara, anwani ya telegramu, vitabu vya mafumbo ya kufupishia telegramu kama A.B.C. na Bentley's, urefu wa namba ya simu, vyote hivyo husaidia kukisia umri wa fakture, yaani ankara, isiyo na tarehe. Jina la mji nalo halidanganyi: barua inayotaja Jadotville badala ya Likasi haiwezi kuwa ya mwaka 1920, na muhuri wa "Lubumbashi" uliogongwa juu ya "Élisabethville" ni wa mwaka 1966 au baada yake.

Njia za barua pia tumezifuatilia vizuri mwaka huu, na naishukuru kamati ndogo. Reli ilitufikia mwaka 1910 ikitoka Rhodesia, na kwa muda mrefu barua ya mfanyabiashara wa hapa kwenda Ulaya ilishuka kwanza kusini hadi Cape Town, ikapanda meli ya Union-Castle, ikakaa baharini siku 17 hivi mpaka Southampton. Mwaka 1928 reli ya B.C.K. (Bas-Congo–Katanga) ikafika kwenye bandari ya mto ya Port-Francqui, Ilebo ya leo, na mwaka 1931 ikafunguliwa njia ya Lobito, bandari ya Angola. Ukiziweka bahasha zetu kwa mfuatano wa miaka unaona jiji likigeuza uso, likiacha kidogo kidogo kutazama kusini tu. Halafu mwezi wa tano 1940 Ubelgiji inatekwa na Wajerumani, na anwani za Bruxelles zinatoweka mara moja. Zinakuja Johannesburg, zinakuja New York, na bahasha zimefunguliwa kisha kufungwa upya kwa utepe wa wakaguzi wa vita.

Katika fungu hilo la wakati wa vita kuna fakture moja ninayotaka kila mwanachama aione kwa macho yake. Ni ya duka la jumla, tarehe 10 Desemba 1941. Jana yake, tarehe 9, askari waliwapiga risasi wafanyakazi wa Union Minière, kampuni ya migodi ya shaba, waliokuwa wamegoma na kukusanyika kwenye uwanja wa mpira wa jiji hili. Léonard Mpoyi, aliyewasemea wenzake, aliuawa siku hiyo. Fakture inahesabu masanduku ya sabuni, mafuta ya taa na kamba, imejumlishwa bila kosa, imetiwa sahihi. Kuna mtu aliamka asubuhi ile, akaenda kazini, akakaa, akajumlisha. Nimeomba kamati, nayo imekubali, kwamba karatasi hii isiuzwe wala isibadilishwe na kitu chochote.

Habari mbaya ni mbili. Mvua ya mwezi wa kwanza ilipita kwenye paa na kulowesha rafu ya chini. Tulianika karatasi kwa siku nne, lakini barua za Charbonnages de la Luena, kampuni ya makaa ya mawe, zimegandana, na sidhani zitapona. Ya pili inaniuma zaidi. Kuna mwenzetu aliyekata tembre kutoka kwenye bahasha za chama ili azibadilishe na mnunuzi wa nje. Ameomba radhi mbele ya kikao na nimempokea. Lakini nawasihi wote: msikate. Tembre ya "Katanga" ya wakati wa kujitenga na Kongo, 1960 hadi 1963, utaipata tena sokoni. Bahasha nzima yenye maneno "Congo Belge" yaliyofutwa kwa mstari wa mashine, tembre hiyo juu yake na jina la aliyeandikiwa, ikishapita mkasi imekwisha.

Karatasi hizi zinaisha, wapendwa. Baada ya tangazo la Rais Mobutu la tarehe 30 Novemba 1973, biashara za wageni zilipogawiwa wenyeji, maduka mengi yalibadilisha mikono kwa haraka na makabati yakamwagwa nje. Mama mmoja wa komini ya Kenya, hapa mjini, aliniambia walifungia karanga ndani ya fakture kwa miezi. Bado tunapata nyingine hivyo hivyo, zina alama ya mafuta katikati.

Kuhusu fedha, mama mweka hazina atasoma hesabu zake mwenyewe. Michango inachelewa, na paa linahitaji mabati.

Limebaki jambo la kadi zetu za kuorodhesha barua. Hadi sasa kila kadi imepangwa kwa jina la kampuni. Mzee wa Katuba aliuliza kwa nini barua aliyoipiga yeye ihifadhiwe kwa jina la mtu aliyekwenda zake mwaka 1960. Wengine mlisema tukianza kubadilisha tutapotea. Nimelifikiria sana, na uamuzi wangu ni huu: jina la kampuni libaki juu, lakini kila kadi iwe na mstari wa pili kwa ajili ya herufi ndogo, na tukimjua mwenyewe tuandike jina lake zima. Kadi ya mzee imeshaandikwa. Alishika kalamu mwenyewe.

Kwa kikao cha Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, leteni wazazi na mababu waliofanya kazi kwenye viwanda vya unga vya Kakontwe, Sogefor (kampuni ya umeme), B.C.K., au kwenye duka lolote la mjini kama makarani, madaktilo (wapiga mashine) au matarishi. Tutakuwa na barua mezani, miwani ya kukuzia, na chai.