Menyu ya Linux imepotea? Usikimbilie kusakinisha upya

Jana kila ukiwasha laptopu ulikuwa unachagua: Ubuntu (aina mojawapo ya Linux) au Windows. Leo Windows inawaka moja kwa moja, menyu haipo. Swali la kwanza tunaloulizwa na wateja ni lile lile: "Mafaili yangu yamekwenda?" Mara nyingi hayajakwenda popote.

Windows ikijisasisha, wakati mwingine hujirudisha nafasi ya kwanza kwenye orodha ya kuwashia. Orodha hiyo hutunzwa na UEFI, programu ya kwenye mazabodi inayoamka kabla ya mfumo wowote. GRUB, mwenye ile menyu, bado yumo ndani ya diski, haitwi tu. Zima kompyuta, iwashe huku ukibonyeza F2, F12, Del au Esc (kila kampuni na kitufe chake), kisha ipandishe "ubuntu" juu ya "Windows Boot Manager". Kuna kazi za namna hii tumezimaliza mteja akiwa bado anatusimulia tatizo. Zinazotuumiza ni za yule aliyeona asakinishe upya mwenyewe usiku, akachagua kufuta diski nzima.

Au ni kinyume: Linux inawaka, Windows ndiyo haimo kwenye menyu. Tangu toleo la 2.06 la mwaka 2021, GRUB kwa kawaida haitafuti mifumo mingine mpaka uiruhusu. Ukiwa Linux, fungua faili la /etc/default/grub, ongeza mstari GRUB_DISABLE_OS_PROBER=false, hifadhi, halafu andika sudo update-grub kwenye dirisha la amri (Terminal). Ukiona "Found Windows Boot Manager" kwenye skrini, umepona.

Linux ikikataa kuandika kwenye diski ya Windows, sababu huwa Fast Startup: Windows uliyodhani umeizima imelala tu. Ondoa alama ya Fast Startup kwenye Power Options za Windows. Na saa zikipishana kila ukihama mfumo, diski haina kosa. Windows husoma saa ya mashine kama saa za mahali ulipo, Linux huisoma kama UTC, saa ya kimataifa. Amri timedatectl set-local-rtc 1 huzipatanisha.

Jambo moja hatulifanyii mzaha: BitLocker, kufuli ya Windows inayofunga diski kwa msimbo. Kabla hujagusa Secure Boot (ulinzi wa UEFI unaokagua programu za kuwashia), hakikisha unao ule ufunguo wa tarakimu 48. Ukituletea mashine, njoo nao. Diski ikishajifunga na ufunguo haupo, hatuna mlango wa nyuma wa kupitia.