Anayetafuta askari wa miavuli wa Poland asianzie makaburini Tengeru

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaeleze jambo wasomaji wa Arusha na kwingineko wanaowapokea wageni kutoka Ulaya, Kanada na Australia wanaokuja kutafuta habari za jamaa zao. Maelezo haya yanawahusu pia ndugu zetu wenye damu ya Kipolandi, ambao mara nyingi wamebakiwa na picha moja tu ya babu aliyevaa bereti. Wengi hupelekwa moja kwa moja kwenye makaburi ya Wapolandi pale Tengeru, ndani ya eneo la chuo cha mifugo. Wakishapiga picha na kuweka maua, safari imekwisha. Ikiwa wanayemtafuta alikuwa askari wa miavuli, yaani wa kuruka kutoka kwenye ndege kwa mwavuli, hapo hayupo. Makaburi yale takriban 150 ni ya watu wa kambi ya wakimbizi wa Kipolandi wa Vita vya Pili vya Dunia, na wengi wao ni wanawake, watoto na wazee. Vijana wenye umri wa kupigana walikuwa vitani, mbali na Meru.

Ili mtu asipoteze muda, ajue kwanza njia zilipoachana. Familia zilizoletwa Tengeru, Kondoa, Ifunda, Kidugala na Morogoro, na zile za Masindi na Koja nchini Uganda, zilikuwa zimehamishwa kwa nguvu na Wasovieti kutoka mashariki mwa Poland mwaka 1940 na 1941. Baada ya mapatano ya Julai 1941 kati ya Poland na Wasovieti wafungwa waliachiwa, likaundwa jeshi la Poland chini ya Jenerali Władysław Anders. Mwaka 1942 jeshi hilo na maelfu ya raia walivuka Bahari ya Kaspi hadi bandari ya Pahlevi, Iran. Kutoka Iran raia walitawanywa, na kambi ya Tengeru peke yake ilifikia watu takriban 5,000. Askari wengi walipitia Iraki na Palestina, wakaishia Italia katika Kikosi cha 2 cha Poland. Wachache walipelekwa Uingereza kuongeza nguvu kwenye jeshi la anga, la majini, vifaru, na Brigedi ya 1 Huru ya Miavuli iliyokuwa Uskochi chini ya Stanisław Sosabowski.

Kwa hiyo swali la kwanza ni moja tu: alikwenda Italia au Uskochi? Jibu la familia kwamba "alikuwa jeshi la Anders" halitoshi, maana wote wawili walipita humo. Tafuteni ndani ya sanduku la nyumbani kabla ya kufungua kompyuta. Kukiwa na msalaba mdogo wa shaba wenye jina la Monte Cassino na namba mgongoni, huyo alipigana Italia mwaka 1944 na hakuruka na brigedi. Namba za misalaba hiyo ziligawiwa kwa vikosi, hivyo namba hiyo hiyo itakusaidia kujua kikosi chake hasa. Kukiwa na beji ya fedha ya tai anayeshuka kwa kasi, kichwa chini, umempata mtu wa miavuli. Beji hiyo ilianzishwa Juni 1941 na ilivaliwa kifuani upande wa kushoto. Igeuze taratibu: mgongoni kuna maneno "Tobie Ojczyzno" na namba iliyochongwa. Namba ndiyo mali, kwa sababu beji zilitolewa kwa orodha, kila namba na mtu wake. Aliyeruka vitani alipewa toleo lenye shada la dhahabu. Msiing'arishe kwa dawa ya chuma wala kuisugua kwa majivu. Tarakimu zikilika hazirudi. Kuna pia nakala za kisasa zinazouzwa mitandaoni, nyingine zenye namba za kubuni, kwa hiyo beji iliyonunuliwa sokoni haithibitishi lolote kuhusu babu.

Picha nazo zinasema, ila zinahitaji jicho. Askari wa miavuli wa Uingereza walivaa bereti ya rangi ya zabibu iliyoiva. Wale wa Poland walivaa ya kijivu. Kwenye picha isiyo na rangi, ya Mwingereza hutoka nzito na ya Mpolandi hutoka nyepesi. Begani huwa na neno POLAND. Beji ya farasi mwenye mabawa ilivaliwa na askari wote wa divisheni za anga za Uingereza, hata waliopelekwa kwa ndege zisizo na injini na ambao hawakuruka kamwe, kwa hiyo msiitegemee kama ushahidi wa kuruka. Angalieni pia upande wa nyuma wa picha. Mhuri wa mpiga picha wa Leven au Largo, katika jimbo la Fife, unaonyesha Uskochi, na huko ndiko brigedi ilikofanyia mazoezi kabla askari hawajapelekwa Ringway karibu na Manchester kuruka kwa mara ya kwanza.

Likishajulikana hilo, hatua inayofuata ni jalada la utumishi. Majalada ya askari wa Poland waliokuwa chini ya amri ya Uingereza yalitunzwa kwa miaka mingi na Wizara ya Ulinzi ya Uingereza katika kituo cha Northolt, magharibi mwa London. Maombi hupitia ukurasa wa serikali ya Uingereza wa kumbukumbu za utumishi wa jeshi, na ukurasa huo ndio unaokuelekeza kama jalada lako liko wizarani au limehamishiwa Hifadhi ya Taifa ya Uingereza, kwa sababu tangu 2022 mamilioni ya majalada ya kijeshi yanahamishwa. Andaeni jina kamili, tarehe na mahali pa kuzaliwa, namba ya jeshi kama ipo, cheti cha kifo, na vyeti vinavyokuunganisha naye: cha kuzaliwa kwako, cha mzazi wako, cha ndoa. Ndugu wa karibu hupewa zaidi ya mtu baki. Pelekeni nakala, vyeti halisi vibaki nyumbani.

Maombi mengi hukwama kwenye jina, na hapa ndipo naomba wasomaji watulie kidogo. Karani wa Kiingereza aliyemwandikisha Mpolandi alidondosha alama: Ł ikawa L, Ś ikawa S, Ż ikawa Z. Karani wa kambi ya Tanganyika aliandika kama sikio lake lilivyosikia. Halafu majina ya ukoo yenyewe hubadilika kwa jinsia. Mume ni Kowalski, mke na binti ni Kowalska. Anayetafuta "Kowalska" kwenye orodha ya askari atatafuta hadi kesho. Staś wa kwenye barua ni Stanisław wa kwenye jalada, na Janek ni Jan. Andikeni maumbo yote kwenye ombi, na msiache jina la baba. Nyaraka za Poland huweka jina la baba na la mama, mara nyingi pamoja na ukoo wa mama kabla ya kuolewa, na hilo ndilo linalotenganisha watu wenye majina sawa. Akina Jan Kowalski ni wengi kama akina Juma Hamisi huku kwetu.

Tarehe ni mtego mwingine. Wapolandi huandika mwezi kwa tarakimu za Kirumi. 12.IV.1921 ni tarehe 12 Aprili. Karani asiyezoea ameisoma IV kuwa VI, jalada likaingizwa Juni. Tena wako vijana walioongeza umri ili wachukuliwe jeshini, na wengine walipunguza ili wabaki na mama zao. Ombi likirudi na jibu kwamba hakuna mtu wa tarehe hiyo, ombeni upya mkiruhusu tofauti ya miaka miwili kila upande. Mahali pa kuzaliwa napo pameshabadilika jina na nchi: Lwów sasa ni Lviv nchini Ukraine, Stanisławów ni Ivano-Frankivsk, Wilno ni Vilnius, Lithuania. Andikeni jina la zamani kwanza, la sasa baadaye.

Jalada likifika, msikimbilie ukurasa wa nishani. Tazameni kwanza palipoandikwa ndugu wa karibu na anwani yake. Mwenye mke au mama aliyeletwa Afrika anaweza kuwa aliandikisha jina la kambi, na hapo kamba mbili zinafungwa: huyu askari na yule mkimbizi ni wa nyumba moja. Kisha tazameni batalioni, kozi ya miavuli na tarehe yake, na alikokuwa Septemba 1944.

Nasema Septemba 1944 kwa sababu familia nyingi huamini kwamba kila askari wa brigedi alipigana Arnhem, Uholanzi, katika mapigano ya mwezi huo. Si kweli. Wapo waliobaki kwenye bohari Uskochi, waliokuwa wagonjwa, na waliojiunga baadaye. Hata waliokwenda hawakwenda siku moja. Wenye mizinga ya kupigia vifaru walitangulia kwa ndege zisizo na injini tarehe 18 na 19. Kundi kuu liliruka Driel, kusini mwa mto Rhine, alasiri ya tarehe 21, lakini hali ya hewa ilikuwa mbaya na sehemu ya ndege ziliitwa zirudi, kwa hiyo walioshuka siku hiyo ni takriban 1,000. Waliorudishwa wakaruka tarehe 23 karibu na Grave. Mtu aliyeruka Grave hakuwa Driel usiku ule wa kwanza, hata kama wajukuu wake wamesimuliwa hivyo. Batalioni na tarehe vikijulikana, shajara ya kikosi inasomeka kwa faida. Zisipojulikana, utasoma kurasa mia na usimwone mtu wako, kwani shajara hutaja maofisa na kuwaacha askari wa kawaida.

Kumbukumbu za brigedi zenyewe ziko Taasisi ya Poland na Jumba la Makumbusho la Sikorski, London. Kumbukumbu za majeshi ya nchi kavu ya Poland zilizobaki mikononi mwa Waingereza ziko Hifadhi ya Taifa, Kew, katika mfululizo wa WO 315. Waliokufa Arnhem wengi wamezikwa Oosterbeek, karibu na mji huo, na mawe ya Wapolandi hutambulika kwa ncha iliyochongoka juu, wakati ya Waingereza ni ya mviringo. Wengine walizikwa kwanza Driel wakahamishwa, kwa hiyo barua ya zamani inayotaja kaburi la Driel haipingani na kaburi la leo. Ipo pia orodha ya askari wa Poland waliofia ugenini kati ya 1939 na 1946, iliyochapishwa London mwaka 1952.

Hayo ni kwa ndugu. Kutafuta wenzake wa kikosi ni kazi nyingine. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1944 sasa amepita 100, kwa hiyo kwa kweli mnatafuta watoto na wajukuu wa wenzake. Njia isiyotumika vya kutosha ni gazeti rasmi la serikali ya Uingereza, London Gazette. Askari wengi wa Poland walikataa kurudi nchi iliyokuwa chini ya Wakomunisti, wakapitia Kikosi cha Makazi Mapya kilichoundwa 1946, na miaka iliyofuata wakaomba uraia. Majina ya waliopewa yalichapishwa humo pamoja na kazi na anwani. Kulisoma mtandaoni ni bure. Ukishapata mji, una pa kuanzia: kanisa la Wapolandi la mji huo, chama cha wakongwe wake, daftari la vifo. Vyama havitakupa anwani ya mtu aliye hai, na ni haki yao. Lakini vingi hukubali kupeleka barua uliyoifunga. Iandikeni fupi, kwa Kipolandi au Kiingereza, mkiweka batalioni, tarehe na nakala ya picha. Msianze na ombi la pesa wala la urithi.

Kwa upande wa huku, familia za askari walioko Uingereza zilisafirishwa kwa meli kutoka Mombasa mwishoni mwa miaka ya 1940. Orodha za abiria wa kuingia Uingereza ziko Kew katika mfululizo wa BT 26, na hutaja umri na anwani ya kufikia, ambayo mara nyingi ni kambi ya makazi. Asiyeonekana huko atafutwe Australia: meli General Langfitt ilitoka Mombasa ikafika Fremantle Februari 1950 ikiwa na Wapolandi zaidi ya 1,100 wa kambi za Afrika Mashariki, na hifadhi ya taifa ya Australia imeweka majalada mengi ya wahamiaji mtandaoni. Hifadhi za Dar es Salaam na Nairobi zina majalada ya uendeshaji wa kambi, yaani chakula, shule, ajira na malalamiko. Yanafaa kwa anayetaka kujua maisha ya kambi, lakini anayetafuta jina moja ajiandae kutoka mikono mitupu.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo. Tangazo la kutafuta jamaa wa aina hii lichapishwe likiwa na jina kwa maumbo yake yote, jina la baba, mahali pa kuzaliwa kwa jina la zamani, na namba yoyote iliyopo, iwe ya jeshi au ya beji. Likija na picha, ichapishwe pamoja na upande wake wa nyuma.

Msomaji wako na mfuatiliaji wa kumbukumbu za wakimbizi wa Kipolandi,
Arusha