Mwanangu, chumvi kwanza

Mwanangu Mwanaidi,

Vumbi likiendelea kulizuia jua hivi, mahindi yatadumaa. Ndivyo ilivyokuwa Ulaya mwaka 1816, baada ya volkano ya Tambora, kule Indonesia, kulipuka mwaka 1815. Samaki bado wapo, ila friji zimekufa, na samaki bila chumvi huoza upesi. Kwa hiyo nakuachia kazi ya chumvi, na nakuomba uishike hatua kwa hatua.

Chota maji siku za bamvu, bahari ikiwa imejaa, mbali na mdomo wa Mto Sigi. Maji ya mto huzimua chumvi na kuleta tope. Lita 100 za maji ya bahari zina kilo 3.5 za madini, na kati ya hizo kilo 2.7 hivi ndizo chumvi ya kula. Ukipata kilo 2 umefanya vizuri.

Jaruba, kidimbwi cha kukaushia maji, lishindiliwe udongo wa mfinyanzi mpaka lisivuje, na maji yasizidi kina cha kiganja. Kaskazi ndiyo msimu wake. Masika mvua moja inakurudisha mwanzo. Jua hili dhaifu liachie lipunguze maji kadiri linavyoweza, moto uje mwishoni tu. Choma vifuu na makumbi. Mikoko usiiguse, mama: ndiyo inayoshika ufuko, na kamba hukulia humo.

Lita 100 zikibaki kama 20, utaona unga mweupe chini. Hiyo ni jasi. Mimina maji kwenye chombo kingine, unga uuache. Yakikaribia lita 10 chumvi yenyewe inaanza kuganda. Hapa ndipo wengi huharibu: wanachemsha mpaka pakauke. Zikibaki lita 3 acha, opoa chumvi, ichuje kwenye kikapu usiku kucha. Maji yanayobaki yana magnesi. Yakikaukia kwenye chumvi inakuwa chungu, inavuta unyevu na kuharisha watu. Usiyamwage bustanini. Tumia chungu au karai nene la chuma, kwa sababu sufuria ya alumini hutoboka.

Samaki mpasue ng'onda, mwoshe kwa maji ya bahari safi, kisha kilo 1 ya chumvi kwa kila kilo 3 za samaki. Panga kwa tabaka, gandamiza kwa mawe, siku mbili au tatu, ndipo umwanike juu ya chanja au umkaushe kwa moshi. Akitoka utando wa waridi, vijidudu vipendavyo chumvi vimeingia, mtupe. Jodari na vibua watie chumvi mara tu mtumbwi unapofika. Wakikaa juani saa chache hutengeneza sumu inayowasha mwili na kuumiza kichwa, na hata ukiwachemsha namna gani haitoki.

Jambo moja linanisumbua zaidi ya yote. Chumvi yetu haina madini joto (iodini) ya kutosha; zamani yaliongezwa kiwandani. Sisi wa pwani tunayapata kwenye samaki, lakini watu wa milimani Usambara watavimba shingo, na mjamzito akiyakosa mtoto huzaliwa akiwa na udhaifu wa akili. Wakishuka na viazi kutoka Lushoto, usiwape chumvi peke yake. Wape ng'onda, na mwani mkavu uliosagwa, wautie kidogo kidogo kwenye mchuzi, maana ukizidi nao unadhuru tezi. Waja wazito wapewe kwanza.

Mama yako