Vijana wale hawakuwa wakiigana

Ndugu Mhariri,

Jumamosi iliyopita nilimsindikiza mwanangu kwenye mashindano ya sataranji hapa Arusha, na nilisikitishwa sana kumsikia mmoja wa wasimamizi akiwakemea vijana wawili mbele ya watu kwamba wanaigana na kuwachosha watazamaji. Kwa kuwa nilisimama kando ya ubao wao tangu mwanzo, naomba nafasi nieleze nilichokiona.

Mwenye kete nyeupe alianza kwa kusogeza kitunda, yaani kete ndogo ya mstari wa mbele, hadi c4 (herufi hutaja safu ya nyumba za ubao, na namba hutaja mstari wake), na mwenzake akajibu c5. Huo ni Ufunguzi wa Kiingereza, unaoitwa hivyo kwa sababu ya Mwingereza Howard Staunton, aliyeutumia mwaka 1843 alipomshinda Mfaransa Saint-Amant mjini Paris. Kila mmoja akatoa farasi wa upande wa malkia, akamweka askofu pembeni, g2 kwa huyu na g7 kwa yule, kisha akaanza kusukuma vitunda vya upande wa malkia, vikaliana, hata baada ya hatua ya 9 pande zote mbili zikafanana kabisa. Hapo ndipo msimamizi alipokemea.

Laiti angesubiri hatua moja tu! Mweupe alipeleka farasi wake f3, na mweusi, badala ya kumfuata, akatafakari kwa muda mrefu huku mkono ukiwa shavuni, kisha akasukuma kitunda hadi d5. Kabla ya hapo asingeweza, kwa kuwa askofu wa g2 na farasi wa c3 walikuwa wakiitazama nyumba ile kwa pamoja na malkia pekee asingetosha kuilinda. Lakini farasi wa f3 alikuwa ameziba njia ya askofu wake mwenyewe. Kijana aliliona jambo hilo peke yake, na mimi nililiona baada yake. Mweupe huwa mbele kwa hatua moja, hivyo anayefuata bila kufikiri hatimaye huumia, na kazi yote ya mweusi ni kujua saa ya kuacha kufanana.

Mchezo uliisha kwa sare, lakini kijana wa kete nyeusi aliondoka ameinamisha kichwa. Nawaomba waandaaji wasiwakemee watoto mchezo ukiendelea, na gazeti lako, litakapotoa matokeo, lichapishe pia hatua za mchezo mmoja au miwili, ili wasomaji wazipange wenyewe ubaoni.

Mzazi,
Sakina, Arusha